Dawa ya Mbu Niliyoianika Juani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mikono yangu hutafuta kazi. Nitapanga upya viberiti vilivyokwisha kupangwa, nitafuta mizani isiyo na vumbi. Mke wangu ameshanizoea. Akiniona hivyo huniuliza, "Umekwenda tena kwa Madamu?" Nami huendelea kufuta, kwa sababu ndiko nilikokwenda.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa hapa Nyamirambo, mtaa wetu wa Kigali. Vita vilikuwa kaskazini, nasi huku mjini tulisikiliza redio kwa sauti ya chini. Nilikuwa kijana, nina butiki, duka dogo la mlango mmoja, kwenye njia ya kushukia Biryogo, na nina sifa moja niliyoivaa kama kanzu ya Idi: hakuna aliyewahi kunipunja hesabu. Sukari niliipima mara mbili. Mishumaa niliihesabu ikiingia, nikaihesabu tena ikiwa rafuni, labda mmoja umetoroka. Siku ya harusi yangu nilihesabu sahani za pilau huku shehe akisoma hotuba ya ndoa. Jirani yangu Mzee Rajabu, fundi cherehani, alikuwa akisema nikifa nitawaambia malaika wajumlishe upya mbele yangu.

Basi akaja Madamu Verediana.

Nikueleze alikuwa nani, maana siku hizi ukitaja mhandisi watu hufikiria barabara na madaraja. Yeye alikuwa mhandisi wa kemia, au injenieri kama tulivyomwita. Alisoma Ubelgiji, akarudi na shahada waliyokuwa nayo watu wachache nchini, wanawake wachache zaidi. Akafanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha pareto kule chini ya volkano. Pareto ni ua dogo jeupe linaloua wadudu. Kiwanda hukamua dawa yake na kuipeleka ng'ambo. Madamu ndiye aliyegundua namna ya kukamua dawa nyingi zaidi kutoka kwenye ua lile lile, hata wageni wakasafiri kuja kuona anavyofanya. Vita vilipofunga njia ya kule, wenzake walikaa Kigali wakisubiri. Yeye alikodi depo, ghala kuukuu la Gikondo, katikati ya magereji, akajiuliza jambo ambalo mimi mfanyabiashara ndiye niliyepaswa kujiuliza: yale machicha ya pareto yanayobaki baada ya kukamua, kwa nini yanatupwa?

Ndani ya machicha ilibaki dawa kidogo, na wengi walilijua hilo. Walichoshindwa ni kuifanya idumu, kwa sababu ilikufa yenyewe baada ya muda mfupi. Madamu alihangaika nayo, akakosea, akaanza upya, mpaka akapata. Aliichanganya na unga wa mbao na uji wa muhogo, akaifinyanga duara kama konokono, akaikausha kivulini, kisha akafunga vipande kumi kumi kwenye karatasi nyeusi nzito. Ukiwasha ncha yake jioni, kinafuka taratibu mpaka alfajiri, na mbu wa bondeni wanabaki huko huko bondeni. Nilikijaribu kwangu kabla ya kumwamini, maana kuamini hakukuwa tabia yangu. Nililala bila shuka, nikaamka mzima.

Shirika moja la wageni likamwahidi: igawe dawa hii Biryogo, nyumba kwa nyumba, msimu mmoja wa mvua. Watu wakisema inafaa, tutakununulia mashine, depo igeuke kiwanda. Wanawake kumi na wawili walikuwa wakifinyanga kwa mikono pale Gikondo, na kila mmoja alikuwa ameshaupangia kazi mshahara wa kiwanda kabla haujaja. Mimi nikachaguliwa kuigawa, kwa kuwa nilijua kila mlango na kila mbwa.

Madamu mwenyewe alinikabidhi katoni.

"Saidi, usizifungue hizi. Karatasi hii ni nusu ya kazi yangu. Jua likiiona dawa linaila."

"Zikae kivulini siku ngapi?"

"Siku zote. Mpaka mwenye nyumba anapowasha."

"Tuseme imepata jua la asubuhi tu, Madamu. Lile dogo."

"Hapa hatupatani bei, Saidi."

Nilicheka. Unajua, mwanangu, kwa mtu wa soko neno la kwanza la mwenzako liko juu siku zote. Anasema mia akijua hamsini inatosha. Kwa hiyo nilipofika butikini nilikuwa nimeshampunguzia Madamu maneno yake kichwani, nikayashusha mpaka nusu.

Na kulikuwa na ile karatasi. Ilifunga dawa vizuri mno, sikuweza kuona ndani. Alisema kumi, nitajuaje ni kumi? Nikafungua ya kwanza, nikakuta kumi. Ya pili, kumi. Mtu mwenye akili angeishia hapo, ila mimi nilifungua zote, na kila moja ilikuwa na kumi. Nikahesabu tena kutoka mwisho. Kisha nikaona vile vipande vilivyo vizuri, rangi yake ya kijani iliyokoza, nikaona ni haramu kuvirudisha kwenye nguo ya msiba. Bidhaa isiyoonekana haiulizwi. Nikatandika turubai mbele ya butiki, nikavilaza vyote, watu wa mtaa wapite waone kinachokuja.

Mzee Rajabu alinyanyua macho kutoka kwenye cherehani. "Sha, kijana, unaanika maandazi?"

"Dawa ya mbu, mzee."

"Naona. Unawaonyesha mbu wachague?"

Jua la Kigali si kali kama la pwani, nikajisemea, halina nguvu ya kula kitu. Kila asubuhi nilivitoa, jioni nikavirudisha, na kabla ya kugawa nilivifunga tena kwenye karatasi kwa mikunjo ile ile ya Madamu. Kukunja najua. Ungeapa hakuna mkono uliogusa.

Mvua ziliponyesha nikagawa, kundi baada ya kundi, vilivyobaki nikiendelea kuvianika. Na mbu wakaja.

Mkutano ulifanyika darasani, kwenye shule ya pale Biryogo. Walikuwapo wageni wawili wa shirika, konseye wa sekta, yaani kiongozi wa eneo letu, na bwana mmoja wa ofisi ya serikali ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Wenye nyumba wakaulizwa. Mama Aziza, aliyekuwa akiuza chapati karibu na msikiti, alisimama kwanza.

"Mimi siwezi kusema uongo mbele ya wageni. Nimewasha kila siku. Mbu walikuja kuota moto."

Darasa likacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Wakasimama wengine, nao wakasema hivyo hivyo, wengine kwa kumwonea Madamu huruma, wakitafuta maneno laini. Yeye alisikiliza wote. Kisha akasimama, mkoba wake ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili, akauliza kwa upole, akitazama darasa zima ila macho yake yakaishia kwangu:

"Je, kuna mahali dawa hizi zilitolewa kwenye karatasi kabla ya kuwafikia?"

Pale, mwanangu. Pale ndipo nilipokuwa na nafasi. Ilikuwa ndefu kabisa, ingetosha kusema maneno matatu na kukaa. Mzee Rajabu alikuwa kiti cha nyuma yangu, nikamsikia akikohoa. Nikahesabu: leseni ya butiki, jina langu mtaani, kicheko cha Mama Aziza. Nikahesabu tena.

"Hapana, Madamu," nikasema. "Zilifika kama ulivyozifunga."

Akainamisha kichwa. "Basi kosa ni la kwangu," akawaambia wageni. Yule bwana akaandika. Mashine ikaenda kwa mradi mwingine, na mwisho wa mwezi wale wanawake kumi na wawili wakapewa mkono wa kwaheri.

Siku chache baadaye alikuja butikini peke yake, baada ya swala ya alasiri. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kipande kimoja cha dawa. Akakiweka mezani kwangu, akakigeuza kwa kidole. Upande mmoja kijani. Upande wa pili umepauka kama vumbi la barabara.

"Nilikiomba kwa Mama Aziza," alisema, "kabla ya mkutano."

Nilisikia hilo neno, kabla.

"Kingeharibiwa na unyevu, kingeharibika pande zote. Kingekuwa kosa la mchanganyiko wangu, kingefifia mpaka ndani. Hiki kimelazwa juani, na aliyekilaza hakukigeuza."

Nikafanya ninachokijua. "Labda vichache vilipata jua, Madamu. Katoni moja."

Akakigeuza tena kile kipande.

"Mbili."

"Saidi."

"Tuseme nusu, basi."

"Sikuja kununua."

"Zote," nikasema.

Nilimwuliza kwa nini hakukitoa siku ile, kwa kuwa kilikuwa mkobani, angejiokoa. Alinitazama kama mwalimu anayetazama mtoto aliyefeli hesabu ya kujumlisha.

"Nilikuuliza wewe ili useme wewe. Ningekitoa mimi, wangetaka jina, na yule bwana angeliandika. Unajua jina likiandikwa siku hizi linakwenda wapi?"

Nilijua. Tangu vita vianze, watu wa mtaa wetu walikuwa wamechukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo. Mtu aliyeharibu mradi wa wageni angeitwa jina jingine, kibaraka wa adui, lile lisilofutika. Kwa hiyo alikuwa amesimama pale na ushahidi umemgusa kifua, akachagua kazi yake iitwe mbovu.

Kisha akatoa kalamu. "Sasa nisaidie. Wewe unahesabu kila kitu. Nieleze vipande vipi vilikaa juani siku moja, vipi wiki, vipi zaidi, na kila kundi lilikwenda nyumba zipi."

Nikamweleza. Vyote vilikuwa kichwani mwangu, na ndiyo mara ya kwanza hesabu zangu kumfaa mtu mwingine. Alipomaliza akaniuliza tena kutoka mwanzo, kwa mpangilio ule ule, kuona kama majibu yanalingana. Nikashangaa: kumbe na yeye anahesabu mara mbili. Ila yeye alirudia kwa hofu kwamba huenda amekosea yeye. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nimerudia kwa kuamini kwamba mwingine ameniibia.

"Mersi, Saidi," alisema, akanipa mkono. Afadhali angenipiga kofi. Kofi ningelijibu.

Niliapa kwamba kesho yake nitakwenda Gikondo kuwaambia wale wanawake kwamba haikuwa dawa yao. Kesho ikawa na wateja. Keshokutwa mvua. Nikakutana na mmoja wao njiani amebeba makaa, nikavuka upande wa pili. Nikasema nitakwenda mambo yakitulia.

Madamu aliondoka mwaka wa tisini na tatu ukielekea mwisho, akaenda Nairobi kufundisha. Ya mwaka uliofuata unayajua, na kama huyajui waulize waliobaki, kwa adabu. Mimi nitasema langu tu. Yalipokwisha nilikwenda Gikondo hatimaye, nikaulizia wale kumi na wawili. Nilipata wanne. Nikaulizia tena, mlango kwa mlango. Wanne. Niliwaomba radhi, wakaniambia walikuwa wamekwisha kusahau mambo ya mbu. Wale wanane sina pa kuwaombea radhi.

Miaka ilipita, akaja butikini kijana mmoja, amevaa shati safi, anauliza Saidi wa Nyamirambo. Alikuwa amesomea uhandisi wa kemia kwa Madamu. Akaniambia kwamba Madamu ndiye aliyeonyesha, hatua kwa hatua, jinsi mwanga unavyoiua pareto na namna ya kuizuia isife, na kwamba wanafunzi wake sasa wako viwandani katika nchi kadhaa. Akasema kila mwaka, somo la kwanza, Madamu anawapitishia mkononi kipande kilichopauka upande mmoja, na kuwaambia hesabu zake za kwanza alipewa na mfanyabiashara mmoja mwaminifu.

Mwaminifu, mwanangu. Nilimwomba yule kijana arudie, akarudia.

Aliniletea pakiti kutoka kwa Madamu, imefungwa kwenye karatasi nyeusi. Iko pale juu, rafu ya ndani, jua halifiki. Kila kitu kilichomo humu dukani nimekihesabu mara mbili. Ile sijaifungua. Sijui vimo vingapi.

Basi nisikilize. Kupatana bei si dhambi, ndiko kunakokulisha wewe hapa. Lakini mtu aliyeijua kazi yake kwa jasho akikuambia "usifungue", usimpunguzie neno, hata kama unadhani wewe ndiye mjanja wa mtaa. Ukiharibu, sema siku ile ile, mbele ya wale wale, wakati wangali wanaweza kukusikia. Na ukirudia hesabu, anza na ya kwako.

Mungu akupe elimu kama ya Madamu na moyo wake pia, akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na wale unaodaiwa radhi awaache hai mpaka uwafikie. Amina.