Mtumbwi Uwanjani kwa Polisi

Mtumbwi wa mama yangu uliibwa Ikombe, ukapatikana Mwaya pamoja na mwanamume aliyekutwa ameuegemea. Mama ni mfinyanzi, na bila mtumbwi ule vyungu vyake havifiki sokoni Matema. Polisi waliupakia kwenye lori, wakauleta kituoni Kyela mjini na kuuandika namba kwa chaki ubavuni. Tangu hapo ukaitwa kielelezo.

Mama akahamia kwangu kusubiri kesi, nayo ikawa ya kupigwa kalenda. Leo shahidi hayupo, kesho hakimu ana dharura. Nilichoka mimi, sembuse yeye. Mtumbwi wa gogo ukikaa juani unapasuka, na uwanjani pale hapakuwa na kivuli hata cha kuku. Basi kila asubuhi mama alijitwika ndoo, akaenda kuumwagia maji na kuufunika kwa majani ya migomba. Askari wa zamu walimzoea, wakawa wanamsalimia na kuendelea na chai yao. Mimi nilimtania kwamba anamwogesha kitinda mimba wake.

Siku ya ushahidi, wakili wa mshtakiwa aliuliza namba ya kielelezo iko wapi. Ilikuwa imefutika. Akauliza nani aliyeugusa mtumbwi.

"Ni mimi, mheshimiwa," mama akajibu kutoka kizimbani. "Kila siku naumwagia maji."

Nilitamani ardhi inimeze. Wakili akasema kielelezo kilichoguswa hivyo hakiaminiki, na kwamba mteja wake alikuwa amepumzika tu ufukweni, mtumbwi wenyewe haujui. Mteja naye akaapa si wake. Hakimu akamwachia huru.

Kisha akauliza kama kuna mwingine anayeudai mtumbwi. Yule bwana aliinamisha kichwa, maana alikwisha kuukana. Hakimu akaamuru apewe mama.

"Ndaga fijo, mheshimiwa," mama akashukuru, kana kwamba tumeshinda.

Njia nzima hadi Matema nilikuwa nimefura. Tuliposukuma mtumbwi majini nikashindwa kujizuia.

"Mama, mwizi anatamba mitaani kwa sababu ya ndoo yako!"

Alikuwa ameinama ndani, anapapasa sakafu kutoka tezi hadi omo, akitafuta ufa.

"Mimi nilikwenda polisi kudai mtumbwi," akasema. "Hauvuji. Nipe kasia."