Mguu Ambao Hakuukanda

Wateja wake wa zamani walimwita Mama Dole, kwa sababu dole gumba lake la kulia lilifika palipojificha maumivu kabla mwenyewe hajamaliza kueleza. Hawakujua kwamba dole lenyewe lilikuwa hoi. Miaka kumi na tisa ya kukanda migongo ya watu ilikuwa imelivimbisha kwenye kiungo, na kila asubuhi alilichovya kwenye maji ya moto kabla hata ya kunywa chai. Nyumbani alikuwa na mama mkwe aliyepooza upande mmoja, wa kugeuzwa kila baada ya saa chache, na mgeuzaji alikuwa yeye. Kwa hiyo alipofika kazini mikono ilikuwa imeshafanya kazi ya nusu siku.

Kazini palikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi. Cha mbele kilikuwa na viti vitatu, meza, na feni iliyozunguka ikilalamika. Cha nyuma kilikuwa na kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso, rafu ya taulo na chupa za mafuta. Harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wateja.

Mdogo wake ndiye aliyekaa mbele akipokea simu, akiandika majina na kukunja taulo. Ndiye pia aliyebandika tangazo mlangoni bila kumuuliza mtu: WATEJA WAPYA MNAKARIBISHWA SANA. Haikupita wiki, watu wakaanza kumiminika.

"Tangazo lako litanimaliza," Mama Dole alimwambia. "Wa zamani nawajua. Huyu bega, yule kiuno. Mtu mpya ni kuanza moja."

"Wa zamani wanazeeka, dada. Wengine wamehama. Unataka tukae tukitazamana?"

Hilo Mama Dole alilijua. Lakini ni kweli kwamba mgeni alimchosha kabla hajamgusa. Kwanza maji ya kunywa, kisha maswali: umewahi kupasuliwa? Una presha? Unatumia dawa gani? Wapi hutaki kuguswa? Halafu maelezo kwamba atafunikwa shuka, kwamba itafunuliwa ile sehemu inayokandwa tu, kwamba akiumia aseme. Maneno hayo alikuwa ameyasema mpaka yakawa yanatoka yenyewe kama kanda ya redio. Na kila mgeni alikuja na aibu yake. Mmoja alicheka ovyo, mwingine alikumbatia mkoba kama yuko stendi, na kila mmoja alitaka kutulizwa kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kuingia mlango ule.

Alhamisi hiyo wageni walikuwa wanne. Wa nne alifika saa kumi alasiri, mwalimu mstaafu wa hesabu, mrefu, shati limechomekwa vizuri, akichechemea.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu, keti."

"Marahaba. Sikai sana. Shavu la mguu huu limekaza, msuli umejipinda. Ninyooshee niende zangu."

Mama Dole alichukua fomu na kalamu. "Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hapana."

"Presha?"

"Hapana."

"Kuna dawa unazo..."

"Hapana, mama! Nimefundisha miaka thelathini na mitano, na mtihani mrefu namna hii sijapata kuutunga. Nimekuja kukandwa, sikuja kuhojiwa."

Mdogo wake aliinamia daftari kuficha kicheko. Mama Dole alitazama fomu. Yalibaki maswali sita, na dole lilikuwa linapwita. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imemchosha kuliko ilivyomchosha mwalimu. Akaona njia ya mkato: aweke alama kwenye hapana zote, amlaze, amkande nusu saa, afunge mlango. Kalamu ikateremka. Hapana. Hapana. Alikuwa ameshaweka mbili aliposita kwenye la tatu. Hakusita kwa ujuzi wowote. Ni mdomo tu uliomtangulia, kwa mazoea.

"Umesafiri karibuni?"

"Nimerudi majuzi kutoka kwa binti yangu. Siku mbili kwenye basi, magoti yanagusa kidevu. Hilo nalo lina uhusiano gani na msuli?"

"Naomba uvue viatu na soksi, mwalimu."

Alivua huku akiguna. Mguu wa kulia haukuwa na neno. Wa kushoto, soksi ilikuwa imeacha mfereji wa kuzamisha ncha ya kidole, na juu ya mfereji huo shavu lote lilikuwa limejaa, ngozi inang'aa. Mama Dole aligusa kwa mgongo wa mkono, kwanza mguu mmoja, kisha mwingine. Wa kushoto ulikuwa wa moto.

"Hapo hapo," alisema mwalimu. "Kanda hapo."

"Sitaukanda."

"Unasemaje?"

"Huenda ni damu imeganda humo ndani. Nikiukanda, bonge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu. Nenda hospitali. Sasa hivi, usingoje kesho."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Siyo. Ndiyo maana nakutuma kwake."

Mwalimu alianza kuvaa soksi kwa hasira. "Basi andikeni mlangoni kwamba mnakaribisha watu ili muwafukuze!"

Mama Dole aliingia chumba cha nyuma akampigia mke wa mwalimu, kwa namba ya dharura ambayo mdogo wake alikuwa ameiandika juu ya fomu. Mama yule hakuuliza mengi. "Mzuie asishuke ngazi. Nakuja." Mdogo akamletea mwalimu chai, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukataa chai, akakaa, ingawa aliwapa mgongo wote wawili. Baada ya dakika ishirini mkewe aliingia anahema, teksi inangoja chini, akamwondoa mumewe huku akimkaripia kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani.

Walipoondoka, Mama Dole aliketi ukingoni mwa kitanda cha wateja, fomu mkononi.

"Umemwokoa mtu, dada."

"Hatujui bado. Pengine ni msuli tu, na kesho atanitangaza mji mzima." Akamwonyesha zile alama mbili. "Hizi sikumuuliza. Nilijiwekea mwenyewe."

Mdogo wake alizitazama, akaitia fomu ndani ya daftari.

Siku tatu zilipita kimya. Siku ya nne mke wa mwalimu alipanda ngazi polepole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Bonge lilikuwepo, alisema, tena kubwa. Mumewe alikuwa amelazwa, anachomwa sindano, na anaendelea vizuri. "Daktari alisema kama ungeukanda..." Sentensi hiyo hakuimaliza. Aliushika mkono wa Mama Dole kwa mikono yake miwili, akaubana mpaka ukauma.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema ulimfukuza. Wodi nzima imeshapata habari zako."

Wakacheka wote, kicheko cha watu waliochoka, kinachokatika kabla hakijafika mbali.

Mama yule alipokwenda, mteja wa saa tisa alikuwa amepiga simu kuahirisha. Mdogo wake alifunga daftari akaja chumba cha nyuma, akakunja mikono ya blauzi.

"Kuanzia kesho wageni wawili tu kwa siku," alisema. "Na nataka unifundishe. Mikono yangu bado mizima."

"Kazi hii inachosha."

"Naiona. Lala."

Mama Dole alivua viatu, akalala kifudifudi kwenye kitanda ambacho kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekizunguka tu. "Anza mabegani. Polepole. Usitumie dole, tumia kiwiko." Akamsahihisha mara ya kwanza, akamsahihisha na ya pili. Mdogo wake alipouliza kama sasa amepapata penyewe, hakujibiwa. Dada yake alikuwa ameshalala.