Diwani wa Namba Mbili

Diwani wetu hapa Leitrim, Ireland, haombi kura ya kwanza. Huku mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba; wa namba moja akiondolewa, kura humwendea wa namba mbili. Miaka ishirini na mitano amebisha milango, kofia kwapani, akisema yaleyale: "Namba moja mpe umpendaye, mama. Mimi nikumbuke kwenye namba mbili." Analoombwa huliandika kiganjani, na mvua ikiufuta wino, hurudi kuuliza upya. Mwaka huu niligombea dhidi yake. Alipoingia jikoni kwetu nilimfokea kwamba vijana wanaihama Ireland kwa kukosa nyumba, naye anahangaika na viraka vya barabara. Akapuliza chai yake. "Kweli kabisa, kijana. Na taa ya kona kwa Bibi Gilhooly, umeona imezimika?" Sikuwa nimeona.

Siku ya kuhesabu niliondolewa mapema kwa uchache wa kura, na kila kura yangu ikaenda kwa aliyeandikwa namba mbili. Yeye alikuwa nyuma kwa kura hamsini, akikaribia kukipoteza kiti. Nyingi zilimwendea, pamoja na ile niliyoipiga mwenyewe. Akapita. Watu wakambeba mabegani, wakiimba, naye akainama kutoka juu, kalamu mkononi, kiganja wazi. "Haya, mheshimiwa," akaniambia. "Ulisema nyumba ngapi?"