Barua ya Mama Haikuomba Kalamu Nyekundu

Glavu za sufu zilizolowa theluji, zikianikwa juu ya bomba la kupashia joto nyumba, hunuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Harufu hiyo ikichanganyika na vitunguu vya Mama ndiyo majira ya baridi ya mwaka niliotimiza miaka kumi. Tulikaa ughaibuni, mji wa Saint Paul, ghorofa ya tatu, katikati ya miaka ya tisini. Baba alikuwa bado anasoma chuo kikuu, Mama akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na mimi nilikuwa na ugomvi na Kiingereza. Kuongea niliongea kama wenzangu. Lakini nikishika kalamu, kaka yangu alikuwa "she" mstari wa kwanza, na mstari wa pili "him" mahali palipotakiwa "he". Ningefanyaje? Kwetu yeye ni yeye, awe baba au mama, awe amepiga au amepigwa. Mwalimu wangu alizungushia kila kosa duara jekundu, mpaka daftari likaonekana lina surua.

Kisha akatuma barua nyumbani: Kiswahili kinanivuruga, kwa hiyo wazazi waache kuongea nami lugha hiyo, hata mezani. Nikiri tu, nilifurahi. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu Mama kwa Kiingereza, na sasa nilikuwa na kibali cha shule. Mama aliisoma akiwa amesimama, akafuta mikono kwenye kanga, akaketi kuandika jibu kwa Kiingereza chake mwenyewe. Aliandika kama alivyofundishwa kuandika barua huko Morogoro. Nusu ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu tupu: mwalimu hajambo? Baridi hii anaionaje? Na mama yake mzazi, ambaye nilisimulia nyumbani kwamba kavunjika nyonga, anaendeleaje? Sisi huku ni wazima. Ndipo akafika kwenye dhumuni: mtoto wake ataongea Kiswahili nyumbani, na shule imfundishe Kiingereza, maana ndiyo kazi yake. Nikachungulia begani kwake.

"Mama, hapa umeandika 'her', inatakiwa 'she'. Na hizi salamu zote, please, watatucheka."

"Nimekuomba unisahihishie?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Peleka kama ilivyo."

Nikapeleka. Siku ya tatu mwalimu alinirudishia barua ile mbele ya darasa zima, imejaa maduara mekundu. Salamu zote zilikuwa zimekatwa kwa mstari, na pembeni pameandikwa kwamba hazihusiani na mada. "Mpe mama yako, itamsaidia," alisema, tena kwa upole. Mimi niliyetaka kuzifuta salamu zile kwa mkono wangu, nilipandwa na hasira. Nikasimama. "Mama hakukuuliza makosa yake," nikasema. "Alikuuliza mama yako anaendeleaje. Hujamjibu." Uso wa mwalimu ukaiva kuliko wino wake, na barua nyingine ya kukataza Kiswahili haikuja tena. Jioni nilimsimulia Mama yote, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili.

Leo ninaandika ripoti katika ofisi moja ya jimbo, hapa hapa Saint Paul. Wenzangu waliozaliwa ndani ya Kiingereza huniletea barua zao nizipitie, maana wengi wao huandika "me" panapotakiwa "I". Sheria zile za sarufi nilikuja kuzijua zote, na Kiswahili hakikunizuia hata kidogo. Barua ya Mama nimeitundika jikoni, na maduara yake. Mwezi uliopita mwanangu, anayependa kunijibu kwa Kiingereza, alisimama mbele yake akasema, "Mom, Bibi made mistakes." Nikaendelea kukata vitunguu kama sijasikia. Akajaribu tena: "Mama, Bibi amekosea hapa."

"Amekosea," nikamwambia. "Lakini aliuliza swali, na mwenye kalamu nyekundu hajalijibu mpaka leo."