Debe la Mbegu Nililompa Mkwe Wangu

Wajukuu, ninyi mnaosoma mpaka vyuoni, someni na hili la bibi yenu aliyeishia darasa la tatu. Siandiki nisifiwe. Naandika kwa sababu nilimkosea mtu.

Mwanangu alipooa, nilimpa mkwe wangu debe la viazi vya mbegu, kama mimi nilivyopewa na mama mkwe wangu. Viazi hivyo nimevipanda huku juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, miaka yote, wala sijaona mmea ukinyauka. Yeye akavipeleka Endabash, kule chini, walikopata shamba.

Mwaka ule joto lilikaza. Kule chini hata usiku hutaki blanketi. Nilipokwenda kumtazama nikakuta viazi vina majani mabichi kabisa, lakini yamelegea kama yamechemshwa.

"Humwagilii?"

"Namwagilia, mama. Udongo huu hapa, shika."

"Basi una mkono mbaya. Mbegu yangu haijawahi kunyauka."

Nilisema hivyo mbele ya wanawake waliokuja kumsaidia kupalilia. Kwetu, mwanamke akishaitwa mkono mbaya, hakuna anayemwita siku ya kupanda. Naye alikuwa mgeni pale, hata mwaka hajamaliza.

Aliingia ndani akatoka na glasi ya maji safi, akaniita pembeni, mbali na wale wanawake. Akakata shina moja chini kabisa, akalishikilia lining'inie ndani ya maji.

"Kaa kidogo, mama."

Nikakaa, nimenuna. Mara uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye lile shina, mwembamba, kama maziwa.

"Bwana shamba alinionyesha juzi," akasema taratibu. "Ni bakteria. Wanakaa ndani ya kiazi. Kule kwako kwa baridi wamelala tu, mmea unawaweza. Huku joto linauchosha mmea, na wao linawaamsha."

"Sasa wametoka wapi?"

Akaitazama glasi, hakunitazama mimi. "Shamba hili halijawahi kupandwa viazi, mama."

Kumbe alijua tangu juzi. Alijua ni mbegu yangu, akaniacha nimseme mbele za watu, asiniaibishe. Hapo ndipo moyo uliponichoma.

Nikavua kanga ya juu, nikashika jembe, tukang'oa mimea ile pamoja mpaka jua likashuka, tukaichoma.

"Polepole, mama," akaniambia. "Mgongo wako ukinyauka, sina glasi ya kuutosha."

Nilicheka, mimi nisiyechekacheka. Radhi sikumwomba siku ile. Niliporudi nyumbani nikawaita wote, nikawaambia: "Teremsheni viazi vyote vya mbegu vilivyoko darini, vipikwe mpaka viishe. Maganda yachomwe, yasitupwe shambani. Jumapili mke wa mwanangu anakuja kutuanzishia kupanda mahindi, na asitie mtu mbegu ardhini kabla yake."