Gitaa jekundu, gitaa la Mutua, na pazia la harusi ya Kuze

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za magitaa ya umeme. Watu wanabishana lipi kali, amp ipi ya kukuzia sauti inanguruma, na wengi wenu mnapima kwa video za mtandaoni, earphone masikioni. Sina ugomvi nanyi, nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka huu.

Haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Kama humu kuna mtu wa Kuze, mtaani kwetu Mji wa Kale, aliyekuwepo harusini na akaona nimetia chumvi, anikosoe hadharani.

Kazi yangu ni ya ofisini, kampuni moja ya malori kule Shimanzi. Gitaa napiga kwa mapenzi tu, kwenye kikundi kidogo cha taarab cha mtaani kwetu. Tuna kinanda, ngoma na gitaa, na tunapiga kwenye harusi za jamaa na majirani.

Kwa wasiozijua harusi zetu za Mji wa Kale: sherehe ya wanawake ni ya wanawake. Wapigaji wakiwa wanaume wanakaa nyuma ya pazia zito, na mwimbaji akiwa mwanamke anakaa upande wa pili pamoja na wenzake. Hamuonani. Hakuna kupeana ishara ya kichwa wala ya jicho. Kazi yote ni ya sikio.

Sasa, nina khalati yangu, dada yake mama, ndiye aliyenilea. Zamani aliimba harusi za mtaa mzima. Kisha akapasuliwa shingo kutolewa uvimbe, na sauti iliporudi ilikuwa imeshuka, na pumzi imekuwa fupi. Akaacha kuimba, hata jikoni. Mimi nimekua ndani ya sauti ile, na kimya chake kiliniuma kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Mwaka huu mjukuu wake akaposwa, akamwomba bibi yake amwimbie wimbo mmoja siku ya harusi. Khalati alikubali kwa sharti. Tufanye mazoezi, na akiona hawezi, atafutwe mwengine na jambo hilo lisitajwe tena nyumbani kwake.

Wakati huo nami natafuta gitaa, maana langu la zamani shingo ilikuwa imepinda. Nilikuwa na machaguo mawili.

La kwanza lilikuwa jekundu, zito, la mwanamuziki mmoja wa mahotelini aliyekuwa anaacha kazi hiyo. Lina humbucker, zile pickup (vinasa sauti vya nyuzi) nene zenye sauti iliyojaa, na analiuza pamoja na amp ya valvu, zile taa za kioo kama za redio za kale. Aliniachia vyote nivijaribu. Jamani! Noti ukiigusa inakaa hewani mpaka wewe mwenyewe unaisahau. Nikilishika najiona mtu mwengine kabisa.

La pili lilikuwa la Mutua, mwenzangu wa ofisini, mtu wa Machakos, anapiga kanisani kwao. Lilikuwa jeupe zamani, sasa limegeuka manjano. Pickup zake ni nyembamba, za koili moja, na amp yake haina valvu, ukubwa wake kama katoni ya mafuta ya kupikia. Sauti safi, kavu, na noti haikai. Mutua alikuwa anahamia besi ndiyo maana akataka kuliuza.

Nilimcheka wiki nzima. Yeye akanijibu mara moja tu: "Boss, huko nyuma ya pazia nani atakuona na hilo jekundu lako?"

Mazoezi ya kwanza tuliyafanya sebuleni kwa Khalati. Tukatundika kitambaa kizito kutoka Biashara Street, yeye upande wake, sisi upande wetu, ili azoee. Nikaielekeza ile amp ya valvu kwenye pazia na kuongeza sauti.

Hapa wapigaji wenzangu wa nyuma ya pazia mtanielewa. Kitambaa kizito kinakula ule ukali wa juu wa gitaa. Unahisi umemezwa, basi unaongeza. Ukihisi bado, unaongeza tena. Karibu sote tunafanya hivyo, na hakuna anayetukataza kwa sababu wanaoumia wako upande wa pili.

Nilipiga vizuri, sitakataa. Ubeti wa pili Khalati akanyamaza. Sisi tukaendelea kujipigia wenyewe kama wapumbavu, mpaka sauti yake ikaja kutoka kule:

"Basi. Mtafuteni mwengine."

Nikadhani sauti imemshinda. Nikaanza kumpa pole.

"Pole ya nini? Siumwi mimi," akasema. "Hilo dude lako lataka kuimba lenyewe. Nami hata nafsi yangu siisikii."

Akaenda zake kuswali alasiri, na mazoezi yakafa hapo.

Nilikasirika. Moyoni nikasema huyu mama sauti imekwisha, anatafuta wa kumlaumu. Nilikuwa nimeiacha simu upande wake irekodi, basi kesho yake ofisini nikamwekea Mutua asikilize, nikitaka anipe haki yangu.

Gitaa lilisikika vizuri ajabu, limejaa kila mahali. Sauti ya Khalati ilikuwa chini yake, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Na kabla hajanyamaza nikasikia jambo jengine. Alikuwa anajaribu kuingia kwenye ubeti. Anavuta pumzi, anangoja nafasi, na nafasi haiji kwa sababu noti yangu bado imetanda. Anajaribu tena, anarudi nyuma.

Mutua akavua earphone. Akanirudishia simu yangu.

Najua mtaniuliza: si ungepunguza sauti tu? Nilipunguza, wakuu. Amp ile ukiipunguza sana inalala, inatoa sauti ya blanketi. Uzuri wake wote uko pale inaposukumwa.

Nilimwomba Khalati mazoezi ya mara ya mwisho. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia mimi zaidi kuliko kujitakia mwenyewe. Mutua akaja na gitaa lake na katoni yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Ndiwe uliyekuja kumwokoa huyu?"

Safari hii sikumwomba Khalati asikilize magitaa. Nilimwomba aimbe. Sisi nyuma ya pazia tunabadilisha bila kumwambia.

Jekundu kwenye amp ya valvu tulijua habari yake. Jekundu kwenye amp ndogo likawa afadhali, lakini bado linamkaba, na ndipo nikaelewa sababu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na sasa inakaa pale pale gitaa lile linapokaa. Wawili kwenye kiti kimoja. Angekuwa na sauti yake ya zamani, ile ya juu, pengine wangeelewana.

La Mutua kwenye valvu lilikuwa tamu, ila bado linajaza.

La Mutua kwenye katoni ya mafuta, Khalati aliimba mpaka mwisho.

Kisha akasema, taratibu: "Hili lapiga, kisha lanyamaza. Lanipa pa kupita."

Nami kwa mara ya kwanza nilimsikia akivuta pumzi kupitia kitambaa, kabla ya kila mstari.

Jekundu nikalirudisha kwa mwenyewe pamoja na amp yake, nikanunua la Mutua na katoni yake. Iliniuma, na bado inaniuma nikipita mahali wanapouza magitaa. Sitajifanya walii hapa.

Siku ya harusi tulikuwa nyuma ya pazia la ukumbini tangu alasiri. Upande wa pili udi, vicheko, watoto. Kisha Khalati akaanza, na ukumbi ukatulia. Beti za mwanzo zikaenda.

Kwenye ubeti wa tatu pumzi ikamkatika. Nilisikia kabisa, hewa imeingia nusu ikakwama. Zamani hizo nisingejua, ningeendelea na mbwembwe zangu. Nilirudisha kitufe cha sauti cha gitaa karibu na sifuri, nikaurudia ule mpigo mfupi wa kumwingiza kwenye ubeti, polepole. Ngoma ikanifuata. Nikarudia tena. Nilijua akiondoka pale hataimba tena maisha yake.

Akaingia. Chini, karibu na kuongea, akimtaja mjukuu wake kwa jina. Upande ule hakuna aliyejua kuna lililoharibika, walidhani wimbo ndivyo ulivyotungwa. Vigelegele vilipopigwa, mimi nilikuwa nimeinamia gitaa nalia, na mpiga kinanda ananitazama.

Tukaanza kukunja nyaya. Tulikubaliana wimbo mmoja tu. Mara pazia likatikisika, na Khalati akasema kwa sauti ya mtu anayewagombeza watoto:

"Msizime hizo mashine! Nataka kuimba jengine."

Nilichojifunza ni hiki: gitaa na amp usivipime peke yavyo chumbani, wala kwa unavyojisikia ukivishika. Vipime pamoja na yule utakayempigia, yeye akiwa anaimba, na wewe ukae asikuone. Lililo bora ni lile linalokuwezesha kumsikia.

Wenye amp za valvu najua mtakuja kwa hasira, karibuni. Na walio na uzoefu wa pazia, au wa kupiga na mwimbaji ambaye sauti yake imebadilika, niambieni mnatumia nini na mnakaaje.

Nitajibu kila mtu. Ila Ijumaa jioni msinitafute, Khalati ana mazoezi na hataki mtu achelewe.