MBA ya Kutwa Nikiwa na Miaka Arobaini na Moja

Bosi wangu ndiye aliyeanza kuitaja MBA. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mbeya, mwenye duka kubwa la vipuri vya malori, nami nilikuwa meneja wake wa mauzo kwa miaka mingi.

"Dada, kasome ile ya viongozi," aliniambia tukinywa chai ofisini kwake. "Wikendi tu. Kazi unaendelea nayo, ukimaliza nakukabidhi na tawi la Igawa."

Alisema kwa nia njema. Nikaenda chuoni, nikaomba kukaa kwenye kipindi kimoja cha Jumamosi nijionee. Darasa lilijaa wakuu wa idara na mameneja wa benki. Mwalimu alimtaka kila mmoja alete tatizo la ofisini kwake lijadiliwe. Wenzangu walichangamka. Mimi nilitafuta tatizo la dukani ambalo bado lilinisumbua, sikulipata. Mambo ya vipuri nilikuwa nimeyamaliza.

Kilichokuwa kinanisumbua ni parachichi. Kwetu, huko milimani juu ya jiji, kila msimu nilikuwa naona wanunuzi wakija na bei yao na watu wetu wakiikubali kwa sababu hawakujua mzigo ukitoka pale unakwenda wapi. Nilitaka kuijua biashara ile kutoka shambani mpaka melini. Kwa hiyo nikachagua MBA ya kutwa, Iringa, yenye mafunzo ya kazi ndani yake. Maana yake ni kuacha kazi.

Kaka yangu, mkubwa wetu tangu baba afariki, aliitisha kikao cha familia.

"Una akili wewe? Umri huo unaacha umeneja ukakae na watoto darasani? Watu watasema umefukuzwa."

"Waseme, kaka."

"Basi soma hata ya mtandaoni, ubaki hapa."

"Nikibaki hapa nitabaki dukani."

Alisimama akatoka nje, na kikao kikaishia hapo. Mama alinisukumia sahani ya viazi.

Iringa, mhadhiri aliyenisaili alinitazama juu ya miwani yake.

"Mama, nadhani umekosea. Hii ya kutwa ni ya vijana, bado wanajitafuta. Mtu wa uzoefu wako anakwenda ile ya viongozi."

"Ile inamfaa anayetaka kupanda palepale alipo," nikamjibu. "Mimi nataka kuhama. Na mimi bado najitafuta, mwalimu, umri haujanizuia."

Mwenzake aliyekaa pembeni alicheka. Mhadhiri hakucheka, lakini alinipitisha.

Sitasema ilikuwa rahisi. Baridi ya Iringa naijua, ya Mbeya imenilea. Kilichonipiga ni takwimu. Vijana waliziona kama mchezo, mimi nikapata sapu, nikarudia mtihani wakati wenzangu wamekwenda likizo. Habari ikafika Mbeya, sijui kwa mdomo wa nani. Bosi wa zamani akanipigia simu.

"Dada, rudi tu. Hakuna atakayekucheka."

"Ahsante, mzee. Nikichekwa nitachekwa hukuhuku."

Nikakata simu, nikalia kidogo, nikarudi kwenye mafungu ya namba. Nikafaulu, si kwa alama za kutangaza.

Mafunzo ya kazi nilipelekwa kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi za kuuza nje. Huko ndiko mambo yalipobadilika. Nilishinda na wanunuzi, nikazunguka mashambani mpaka Kalenga, nikajifunza kwa nini kontena zima linaweza kukataliwa kwa sababu ya matunda yaliyochumwa mapema. Nilipohitimu wakaniajiri niwe ofisa wa ununuzi. Cheo ni kidogo kuliko kile nilichokiacha, na mkuu wangu nimemzidi miaka mingi.

Juzi mwanamke mmoja tuliyesali naye zamani Mbeya alinikuta ghalani nimevaa buti na kofia ya plastiki.

"Mungu wangu! Si ulikuwa meneja wewe? Masomo yote yale, ndiyo wakakushusha hivi?"

"Nimeshuka mwenyewe," nikamwambia. "Sogea kidogo, mama, gari linarudi nyuma."

Akasogea. Nikalipungia lori mkono liingie, nikaanza kukagua mzigo.